Kubadili densiti kutoka pauni na futi kwenda kilo na mita (na kurudi) bila kukoroga hesabu

Wengi wetu tukitaka kubadili densiti tunafanya kitu kimoja, tunafungua simu, tunatafuta namba ya kuzidishia, tunazidisha, tunaandika jibu na tunaondoka. Na mara nyingi inakubali tu. Shida inakuja siku umekuta namba mbili tofauti za kuzidishia na zote zinaitwa jina lile lile, au hukumbuki uzidishe au ugawanye, au karatasi imeandikwa pauni kwa galoni na hakuna wa kukwambia ni galoni ipi. Siku hiyo ndo mtu anaandika kichwa kichwa jibu ambalo ukilitazama vizuri linasema chuma kinaelea kwenye maji.

Kwahiyo hapa sitakupa meza ndefu ya namba. Nataka uweze kuitengeneza namba mwenyewe popote ulipo, ukiwa na kikokotoo cha simu tu.

Kitu cha kushika kabla ya yote: densiti ni masi gawanya kwa ujazo, hiyo tulisoma wote shuleni, ila tunachosahau ni kwamba hizo ni yuniti mbili zimebebana, moja kiasi na nyingine asili, yaani moja juu moja chini. Ukibadili urefu unabadili kitu kimoja basi. Ukibadili densiti unabadili ya juu (pauni iwe kilo) na unabadili ya chini (futi za ujazo ziwe mita za ujazo), na hizo mbili zinavutana, moja inapunguza namba nyingine inaiongeza. Karibu kila kosa la densiti nililoliona, ya kwangu yakiwemo, limetokea hapo hapo, mtu kabadili ya juu akasahau ya chini, au ya chini kaibadili nusu nusu.

Hatua ya 1: isome yuniti kabla hujagusa kikokotoo

Inaonekana kitu cha kitoto lakini hapa ndo pa kutulia. Herufi lb ni pauni ya uzito, zimetoka kwenye neno la Kilatini libra, kwahiyo usihangaike kutafuta l na b ndani ya neno pauni. Wahandisi wa Marekani wakati mwingine hata hiyo lb hawaandiki, wanaweka alama ya # baada ya namba, ukikuta 150#/ft³ ni pauni 150 kwa futi moja ya ujazo. oz ni aunsi, na aunsi 16 ni pauni moja. ft³ na cu ft ni kitu kile kile, in³ ni inchi ya ujazo, yd³ ni yadi ya ujazo. Ukiona pcf ni pauni kwa futi ya ujazo, utaikuta sana kwenye sponji na vifaa vya ujenzi, na ppg ni pauni kwa galoni, hiyo ni lugha ya watu wanaochimba visima vya mafuta.

Kisha andika yuniti pembeni ya namba kwenye karatasi yako, na uziburuze hizo yuniti mpaka mwisho wa hesabu. Namba iliyo uchi haina wa kuitetea ukikosea.

Hatua ya 2: namba tano, zingine zote zinatoka humu

Pauni 1 = kilo 0.45359237
Futi 1 = mita 0.3048
Inchi 1 = sentimita 2.54
Galoni ya Marekani = lita 3.785411784
Galoni ya Uingereza = lita 4.54609

Hizi si makadirio, ni kamili kama zilivyo. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba pauni itakuwa hiyo na yadi itakuwa mita 0.9144, maana kabla ya hapo pauni ya Marekani na ya Uingereza zilikuwa zinapishana kidogo, huko mbali kwenye desimali. Ndo maana nasema inchi ni 2.54 bila "takriban" mbele yake, pauni na futi za leo zimefafanuliwa kwa kilo na mita.

Kwa kazi ya kawaida 0.4536 na 0.3048 zinatosha.

Hatua ya 3: badili juu, halafu badili chini

Tuchukue chuma cha pua, karatasi inasema pauni 490 kwa futi ya ujazo na wewe unataka kilo kwa mita ya ujazo.

Juu kwanza. Pauni 490 mara 0.45359237 ni kilo 222.26. Hapo tumepata kilo 222.26 kwa kila futi ya ujazo, ni yuniti ya ajabu, nusu huku nusu kule, usiogope, tuko katikati ya mto.

Sasa chini. Futi moja ya ujazo ni mita ngapi za ujazo? Hapa ndo wengi wanaingia mkenge. Futi ya ujazo ni mchemraba, una urefu, upana na kimo, kila upande mita 0.3048, kwahiyo ni 0.3048 × 0.3048 × 0.3048 = 0.0283168. Mara tatu, sio mara moja. Sasa gawanya: 222.26 ÷ 0.0283168 = 7849. Chuma chako ni kilo 7849 kwa mita ya ujazo, na vitabu vingi vya uhandisi vinaandika 7850, tumefika.

Tunagawanya kwa sababu iko chini ya mstari, basi. Huna haja ya kukariri "hapa zidisha, hapa gawanya", cha juu kinazidishwa, cha chini kinagawanywa.

Ukitaka kuona madhara ya kusahau ule mchemraba, fanya na maji. Maji ni pauni 62.4 kwa futi ya ujazo. Mtu anazidisha 0.4536, anapata 28.3, halafu anagawanya kwa 0.3048 mara moja tu na anapata 92.9. Kilo 92.9 kwa mita ya ujazo, hayo ni maji mepesi kuliko mbao karibu zote. Ukigawanya kwa 0.0283168 unapata 999.6, hapo ndo maji.

Kurudi ni kugeuza tu, kilo unazigawanya kwa 0.45359237 zikawa pauni, na kwa kuwa mita ya ujazo ina futi za ujazo 35.3147, unagawanya kwa 35.3147. Njia ile ile.

Hatua ya 4: zibane ziwe namba moja

Ukishafanya mara mbili tatu utachoka, na hapo ndo unaruhusiwa kutumia namba ya mkato: 0.45359237 ÷ 0.0283168 = 16.0185. Pauni kwa futi ya ujazo mara 16.0185 ni kilo kwa mita ya ujazo. Kurudi unagawanya kwa hiyo hiyo.

Kwanini inakuwa kubwa wakati pauni ni ndogo kuliko kilo? Swali zuri, na ukilielewa hutazidisha pale pa kugawanya maisha yako yote. Kupeleka pauni kwenye kilo kunapunguza namba, karibu nusu. Lakini kutoka futi ya ujazo kwenda mita ya ujazo umehama kwenye boksi dogo ukaenda boksi lenye nafasi mara 35 na zaidi, vitu vinavyoingia humo ni vingi zaidi. Nusu hivi ya 35 ni 16 na kitu. Kwahiyo namba ya metriki lazima iwe kubwa, kama umepata ndogo umegeuza njia.

Uzuri wa 16 ni kwamba ni 2 × 2 × 2 × 2. Kichwani unaweza ukaongeza maradufu mara nne: 490, 980, 1960, 3920, 7840. Jibu kamili ni 7849, tofauti ni kama moja kwa elfu. Kurudi unakata nusu mara nne: zege ni kilo 2400, 1200, 600, 300, 150, pauni 150 kwa futi ya ujazo na hiyo ndo namba ambayo mainjinia wa Marekani wanaitumia kwa zege siku zote. Sponji ya pcf 2 ni kilo 32. Mi hii ya kukata nusu naitumia kuliko kitu kingine chochote hapa, mtu akisema namba kwenye mazungumzo unajua hapo hapo kama anasema kweli.

Hatua ya 5: inchi na aunsi

Mambo ya vyuma na vipuri vya mashine yanakuja kwa pauni kwa inchi ya ujazo, na namba zake ni ndogo ndogo, alumini ni 0.0975, chuma cha pua ni 0.284. Huku wanapenda gramu kwa sentimita ya ujazo. Mwendo ni ule ule: pauni ni gramu 453.59237, inchi ya ujazo ni 2.54 mara tatu yenyewe kwa yenyewe = sentimita za ujazo 16.387. Gawanya, unapata 27.68. Alumini: 0.0975 × 27.68 = 2.70. Ukitaka kilo kwa mita ya ujazo zidisha tena kwa 1000, inakuwa 2700, maana gramu kwa sentimita ya ujazo, kilo kwa lita na tani kwa mita ya ujazo zote ni namba moja ile ile.

Kama unahama kutoka inchi kwenda futi humo humo ndani ya vipimo vya Kiingereza, futi ya ujazo ina inchi za ujazo 1728, sio 12 na sio 144. 0.2836 × 1728 = 490, ndo kile chuma chetu cha juu. Nimeona mtu kazidisha kwa 144 kwa sababu tu "futi kwa inchi" ilikuwa inamjia hivo kichwani kutoka kwenye hesabu za eneo.

Aunsi kwa inchi ya ujazo unazidisha 1.73, hiyo inatokana na 27.68 gawanya 16. Ila tahadhari, aunsi ziko zaidi ya moja. Aunsi ya kawaida ni gramu 28.35, aunsi ya dhahabu na fedha, inayoitwa troy, ni gramu 31.1, halafu kuna aunsi ya vimiminika ambayo wala si uzito, ni ujazo. Inchi moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu kama 316, hizo ni aunsi 11.2 za kawaida lakini ni 10.2 za troy. Mtu asipokwambia ni aunsi ipi, muulize, na kama ni dhahabu muulize mara mbili.

Hatua ya 6: galoni, hapa kaa chini kabisa

Galoni ndo imenikosesha usingizi mimi binafsi. Niliwahi kupewa densiti ya kimiminika kwa pauni kwa galoni, nikabadili nikijua nafanya sawa, hesabu ya uzito wa tangi ikatoka pungufu kwa kama asilimia 17, nikarudia mara tatu jibu likawa lile lile, kwa sababu hesabu haikuwa na kosa, galoni ndo haikuwa yenyewe.

Ziko mbili. Ya Marekani ni inchi za ujazo 231, lita 3.785, imetokana na galoni ya zamani ya mvinyo ya Uingereza ya enzi za Malkia Anne. Waingereza wenyewe wakaachana nayo, sheria yao ya 1824 ikaweka galoni mpya kuwa ujazo wa pauni 10 za maji kwenye nyuzi 62 Farenhaiti, ndo leo ni lita 4.54609. Kwahiyo ya Uingereza ni kubwa kwa asilimia 20, na hiyo asilimia 20 ukiikosea haionekani kwa macho, jibu linakuwa na sura nzuri kabisa.

Pauni kwa galoni ya Marekani, zidisha 0.1198 upate kilo kwa lita. Pauni kwa galoni ya Uingereza, zidisha 0.09978. Rangi ya kupaka yenye pauni 12 kwa galoni ni kilo 1.44 kwa lita ukichukua ya Marekani, na 1.20 ukichukua ya Uingereza. Zote mbili zinaweza kuwa rangi! Ndo ubaya wake.

Utajuaje ni ipi? Angalia karatasi imetoka wapi. Angalia kama pembeni wameandika lita pia, gawanya uone inatoka 3.785 au 4.546. Tafuta kama wametaja densiti linganifu, ile inayoandikwa SG, yaani kitu ni kizito mara ngapi ya maji, maana hiyo haina yuniti na haidanganyi, kama SG ni 1.44 na pauni kwa galoni ni 12 basi ni ya Marekani, imekwisha. Au tafuta kama maji yametajwa popote: yakiwa 8.34 ni Marekani, yakiwa 10 ni Uingereza. Ile ppg ya watu wa visima, galoni yake ni ya Marekani.

Kama ni ya Uingereza una bahati, gawanya tu kwa 10 kichwani, pauni 12 ni 1.2. Unakosea mbili kwa elfu.

Hatua ya 7: pima jibu kwa maji

Hii usiiruke hata kama una haraka. Maji ndo jiwe la mizani la densiti zote, na ukiyajua kwa yuniti zote huwezi kupotea mbali. Gramu kwa sentimita ya ujazo ni 1, kilo kwa mita ya ujazo ni 1000, pauni kwa futi ya ujazo ni 62.4, pauni kwa inchi ya ujazo ni 0.0361, pauni kwa galoni ni 8.34 ya Marekani au 10.02 ya Uingereza.

Sasa swali ni moja tu: hiki kitu changu kinazama au kinaelea? Kikizama, jibu lako liwe juu ya namba ya maji kwa yuniti ile, kikielea liwe chini. Barafu inaelea, ni 917, kwa pauni ni 57.2, iko chini ya 62.4, sawa. Zebaki ni nzito mara 13.6 ya maji, ukipata zebaki ya kilo 850 kwa mita ya ujazo, ambayo ndo unaipata ukigawanya 13,600 kwa 16 ukaisahau yuniti, simama hapo hapo.

Na maji hayapimi jibu tu, yanaweza kukuvusha moja kwa moja bila namba yoyote ya kuzidishia. Gawanya densiti yako kwa namba ya maji ya yuniti uliyonayo, halafu zidisha kwa namba ya maji ya yuniti unayoitaka. Alumini pauni 168.5 kwa futi ya ujazo, gawanya 62.4, unapata 2.70, yaani ni nzito mara 2.7 ya maji, kwa kilo ni 2700, kwa galoni ya Marekani ni 2.7 × 8.34 = 22.5. Mtu ambaye hajawahi kusikia 16.0185 anaweza kubadili densiti yoyote kwa njia hii.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu kupima kwa maji, chukua ndege ya Air Canada, safari namba 143, tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767, ilikuwa inatoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi kwahiyo walipima kwa kijiti, wakakuta lita 7,682 kwenye matangi. Walihitaji kilo 22,300. Ili kujua waongeze kiasi gani ilibidi wabadili lita ziwe kilo, na hapo unahitaji densiti ya mafuta, wakatumia 1.77. Sasa 1.77 ni namba ya kweli kabisa, ila ni pauni kwa lita. Kilo kwa lita ilikuwa 0.803.

Fanya nao hesabu. 7,682 × 1.77 = 13,597, wakaona tayari wana kilo 13,597, kumbe zilikuwa pauni, kilo zilikuwa 6,169 tu. Wakatoa, 22,300 − 13,597 = 8,703, wakagawanya kwa 1.77, wakaongeza lita 4,917. Kiasi sahihi kilikuwa lita 20,088 hivi. Ndege ikaruka na mafuta chini ya nusu ya yanayotakiwa, injini zote mbili zikazima angani, na marubani wakaiteremsha ikielea kama kipanga mpaka kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi pale Gimli, huko huko Kanada, ambao wakati huo ulikuwa unatumika kwa mashindano ya magari. Hakufa mtu.

Waliirudia hesabu, na kuizidisha haikuwa na kosa. Lakini kilo 1.77 kwa lita maana yake ni mafuta mazito karibu mara mbili ya maji, na mafuta ya ndege yanaelea juu ya maji. Kwa kilo kwa lita lazima namba iwe chini ya 1.

Hatua ya 8: zile za kona kona

Slagi. Kwenye vitabu vya Marekani vya urushaji ndege utakuta slagi (slug, yuniti ya masi) kwa futi ya ujazo, slagi moja ni kilo 14.594 kwahiyo unazidisha 515.4 upate kilo kwa mita ya ujazo. Maji ni 1.94, hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 za Selsiasi ni 0.002377, ukizidisha unapata 1.225, ile ile ya kwenye vitabu vya metriki.

Halafu lbf yenye f mwishoni, hiyo ni nguvu sio masi. Pauni 62.4 za nguvu kwa futi ya ujazo zinasomeka sawa na pauni za masi, ila ukizipeleka metriki hazifiki kwenye kilo, zinafika kwenye kilonyutoni, unazidisha 0.1571, maji yanatoka 9.8 kwa mita ya ujazo. Watu wa udongo na misingi wanaipenda hii.

Yadi na tani: yadi ya ujazo ni futi za ujazo 27. Kokoto pauni 2700 kwa yadi ya ujazo, gawanya 27 unapata 100 kwa futi ya ujazo, zidisha 16.02, kilo 1602. Safi. Ila wakisema tani, uliza tani gani, ya Marekani ni pauni 2000 (kilo 907), ya Uingereza ya zamani ni pauni 2240 (kilo 1016), na ya metriki ni kilo 1000. Tani 1.4 kwa yadi ya ujazo ni tani za metriki 1.66 kwa mita ya ujazo kama ni tani ya Marekani na 1.86 kama ni ile ya Uingereza.

Mafuta ghafi yana digrii za API, kipimo cha wepesi wa mafuta, na hizo huwezi kuzidisha, zina fomula, gawanya 141.5 kwa (131.5 + API). API 35 ni 141.5 ÷ 166.5 = 0.850. Hiyo ni densiti linganifu kwenye nyuzi 60 Farenhaiti, na kadiri API inavyopanda mafuta yanazidi kuwa mepesi, maji ni 10.

Hapo nyuzi 60 Farenhaiti ni 15.56 Selsiasi, wakati watu wa metriki wengi wanapima kwenye 15. Kubadili yuniti hakubadili joto. Kama densiti ilipimwa kwenye 60 Farenhaiti, hata ukiiandika kwa kilo bado ni ya 60 Farenhaiti, iandike hivo. Kwa chuma haijalishi, kwa mafuta mengi ndani ya tangi kubwa inajalisha, na kwa gesi usiseme densiti kabisa bila kutaja joto na kanieneo.

Hatua ya 9: kukata desimali

Kata mwishoni tu, katikati ziache zote. Na jibu lisijifanye linajua kuliko swali. Karatasi ikisema pauni 62, usiandike kilo 993.1447, aliyepima hakuwa na uhakika hata wa pauni nusu, na pauni nusu tu ni kilo 8. Andika 990 au 993 kama unaihitaji kwa hesabu nyingine.

Hatua ya 10: ukiwa na safu nzima

Kama una namba mia mbili usizibadili moja moja. Kwenye Excel hakuna yuniti ya densiti, ila unaweza kuijenga juu na chini kama tulivyofanya kwa mkono. Namba ikiwa kwenye A2:

=A2*CONVERT(1,"lbm","kg")/CONVERT(1,"ft^3","m^3")

Andika lbm, ukiandika lbf inakwenda kwenye nguvu na itakukatalia. Kwa galoni, mahali pa "ft^3" weka "gal" kwa ya Marekani au "uk_gal" kwa ya Uingereza, na mahali pa "m^3" weka "l" ya lita. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika humo. Halafu mstari wa kwanza kabisa wa safu, kabla ya data yako, weka namba ya maji, kwa futi ya ujazo ni 62.4. Ikitoka 999 na ushee (kwa galoni na lita itoke 1 hivi) vuta fomula mpaka chini, ikitoka kingine chochote rudi uangalie ulichoandika kwenye zile alama za nukuu.